Fremu ya chuma kutoka Japani: kilichorudishwa, kilichobadilishwa, na sababu zake

Hii ni baiskeli ya barabarani, ya chuma, iliyoundwa kwa mkono nchini Japani katikati ya miaka ya 1980. Iliponifikia ilikuwa imepuliziwa rangi nyeusi ya kopo kuanzia kichwani hadi kwenye vishikio vya ekseli ya nyuma. Stemu, kipande kinachoushika usukani kwenye foko, ilikuwa imeganda, nguzo ya kiti pia imeganda, gia zinaruka, na gurudumu la nyuma halikuwa lake. Mwenyewe aliinunua hivyohivyo, akaja na ombi fupi: "Fundi, nataka irudi kama ilivyokuwa, lakini niweze kuipanda kila siku na vilima visinishinde."

Ombi hilo lina mambo mawili yanayovutana. Kuirudisha ilivyokuwa ni kufuata uamuzi wa aliyeiunda. Kuifanya impendeze mpandaji wa leo ni kufuata mwili wa mtu mwingine kabisa, na wakati mwingine. Watu wengi huchagua upande mmoja: ama wanaigeuza pambo la ukutani, ama wanaikatakata mpaka hakuna aliyejali ilitoka wapi. Mimi naamini vyote viwili vinawezekana ndani ya baiskeli moja, mradi kila badiliko liulizwe swali hili kabla ya kushika spana: likiondolewa baadaye, je, fremu itabaki kama ilivyokuwa? Jibu likiwa ndiyo, mwenye baiskeli ana uhuru wote. Jibu likiwa hapana, sababu iwe nzito kweli, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Kuisoma fremu kwanza

Kabla ya kufungua nati yoyote nilipitisha vidole chini ya bomba la chini, pale linapokutana na bomba la kichwa, kisha chini ya bomba la juu mahali hapohapo. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huacha kikunjo hapo, wakati mwingine chembamba kiasi kwamba jicho linakiruka, lakini kidole hakidanganyiki. Hapakuwa na kikunjo. Foko nayo, ikitazamwa kutoka ubavuni, ilishuka sambamba na bomba la kichwa kabla ya kupinda mbele kwenye ncha. Kulikuwa na bonyeo moja dogo juu ya bomba la juu, mahali ambapo usukani hugonga ukizunguka hadi mwisho. Bonyeo la aina hiyo, lisilo na ukingo mkali wala ufa, si tatizo la usalama, na nililiacha lilivyo. Kulibana kwa vibanio vya mbao ili kulirudisha kungeharibu rangi ya chini, na rangi hiyo, kama nitakavyoeleza, ilikuja kuwa na thamani kuliko tulivyodhani.

Kilichonishika zaidi ni maungio. Mabomba ya fremu hii yameunganishwa kwa lagi, yaani vikombe vya chuma vinavyovishwa kwenye viungo kisha kujazwa madini yaliyoyeyushwa, ama shaba ama mchanganyiko wenye fedha. Lagi za kiwandani hubaki nene na butu ukingoni. Hizi zilikuwa zimepigwa tupa mpaka ukingo unakaribia kuzama ndani ya bomba, na ncha zake zimechongwa zikaishia kama ncha ya jani. Hata chini ya rangi ya kopo ukingo ulionekana sawa kushoto na kulia. Kazi hiyo haiongezi nguvu kiasi cha kuihitaji. Hata hivyo inapunguza badiliko la ghafla la unene, ambako chuma hupenda kuchokea. Mtu alisimama kwenye jiliwa kwa muda mrefu kwa ajili ya ukingo huo.

Japani ilikuwa na sababu ya kuwa na watu wa aina hiyo. Mbio za baiskeli za uwanjani ziitwazo keirin, zinazochezewa kamari kisheria, zilianza katika mji wa Kokura mwaka 1948, na wapandaji wake ni wengi na wa kulipwa. Kila mmoja alihitaji fremu iliyokatwa kwa vipimo vyake, na shirika lililosimamia vifaa vya mbio hizo, likijulikana kwa herufi NJS, lilikubali tu vile lilivyovipitisha. Soko hilo lilizilisha karakana ndogo kwa miongo. Yoshiaki Nagasawa alijifunza Italia, akiwemo katika karakana ya Ugo De Rosa, akarudi nyumbani akaunda fremu ambazo Koichi Nakano alitwaa nazo ubingwa wa dunia wa sprinti mara 10 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1986. Karakana kama 3Rensho na Cherubim ziliunda za mbio za uwanjani na za barabarani pia, na Toei ilijijengea jina kwa baiskeli za safari ndefu. Fremu hii si ya keirin: ina matundu ya breki, ina mahali pa kufungia kihamisha cheni, na vishikio vyake vya nyuma vinafunguka kwenda mbele. Lakini imetoka katika utamaduni huohuo wa kumpima mtu kwanza, kisha kukata bomba.

Umri wake ulisomeka kwenye vifaa. Shimano, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli, walikuwa wakigonga herufi mbili ndogo kwenye bidhaa zao: ya kwanza ni mwaka, kwa kuanzia A ya 1976, na ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Kihamisha cheni cha nyuma kilikuwa na JB, yaani Februari 1985. Breki zilisoma IL, Desemba 1984. Vifaa viwili vilivyopishana kwa miezi miwili tu, vyote vya Dura-Ace 7400, seti ya daraja la juu ya Shimano, vinaniambia kwamba seti ilifungwa pamoja wakati fremu ikiwa mpya. Hilo lilikuwa na uzito katika uamuzi wa gia.

Vipimo kabla ya ladha

Hapa ndipo baiskeli za Kijapani za zamani huwaumbua watu. Hedseti, yaani vikombe na gololi vinavyouwezesha usukani kuzunguka, ikiwa ya inchi moja ina vipimo viwili vinavyofanana kwa macho: kwa kipimo cha Kijapani, JIS, kikombe cha kwenye bomba la kichwa ni milimita 30.0 na pete ya chini kwenye foko inakaa juu ya 27.0, kwa kipimo cha kimataifa, ISO, ni 30.2 na 26.4. Ukipigilia kikombe cha 30.2 kwenye tundu la JIS unaweza kulipasua bomba la kichwa. Ukiweka pete ya 27.0 kwenye foko ya ISO itacheza, na hakuna kukaza kutakakoiponya. Baiskeli nyingi za kiwandani za Japani zilifuata JIS, wakati karakana za mikono mara nyingi zilitumia ISO. Kwa hiyo nchi ilikotoka haikupi jibu. Venia, kile kipimio cha vipande vidogo vya milimita, inakupa. Hii ilikuwa ISO.

Kasha la krenki, pale ekseli ya pedali inapopita, lilikuwa na upana wa milimita 68 na nyuzi za Kiingereza, ambapo kikombe cha upande wa kulia kina nyuzi za kinyume: kinafunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kulia. Vikombe vingi vimeharibiwa na mtu mwenye nguvu asiyejua hilo. Nguzo ya kiti ni 27.2, shina la stemu ni 22.2. Mahali ekseli ya nyuma inapokaa nitapaeleza baadaye, maana hapo ndipo palikuwa na ugomvi.

Alumini iliyokwama ndani ya chuma

Stemu na nguzo ya kiti zote ni za alumini, na alumini ikikaa ndani ya chuma miaka mingi pamoja na jasho na maji ya mvua hutengeneza unga mweupe unaojaza nafasi yote. Stemu ilikuwa rahisi kiasi. Bolti yake ya juu hulegezwa mizunguko miwili hivi, isitolewe, kisha hugongwa kwa nyundo ya plastiki ili kabari ya ndani ishuke na kuachia. Kabari ilishuka mara moja, ila shina lilikataa kutoka. Fremu ikageuzwa miguu juu, mafuta ya kupenya yakamiminwa kupitia tundu la chini ya kichwa cha foko, yakaachwa yafanye kazi. Stemu ikazunguka kidogo, ikarudi, ikazunguka zaidi, ikatoka.

Nguzo ya kiti ilikuwa habari nyingine. Wengi hukimbilia moto, na moto hapa ni adui. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii, dhidi ya 12 za chuma. Ukipasha moto kiungo kizima, nguzo inajibana zaidi ndani ya bomba. Kinachofaa ni baridi. Baada ya mafuta kumiminwa kutoka ndani, kupitia kasha la krenki fremu ikiwa imepinduliwa, nguzo ilipozwa kwa barafu kavu iliyowekwa ndani ya tundu lake, kisha kichwa chake kikabanwa kwenye jiliwa na fremu yenyewe ikatumika kama mkono wa kuzungushia. Hapa panahitaji utulivu. Nguvu inaanzia karibu na bomba la kiti, na inaenda polepole. Ukivuta kwa pupa kutoka kwenye bomba la kichwa unaweza kuipotosha fremu nzima. Ililia kwa sauti ya mlango mkavu, ikazunguka. Kichwa cha nguzo kiliharibiwa na jiliwa, na hilo nilikuwa nimekubaliana na mwenyewe kabla: nguzo inanunulika, bomba la kiti halinunuliki.

Kama ingekataa, hatua ya mwisho ingekuwa soda kali, ambayo inaila alumini na kukiacha chuma. Lakini inakula na rangi, inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na inaunguza ngozi na macho. Ni njia ya kweli, na ni ya mwisho kweli.

Ndani ya mabomba palikuwa na kutu ya juujuu tu, ya kahawia, isiyo na magamba. Nilisugua palipofikika, nikakausha, nikapuliza mafuta ya kuzuia kutu kupitia vitundu vya hewa na kuizungusha fremu kila upande mpaka yakaanza kuchuruzika chini ya kasha la krenki.

Rangi iliyokuwa chini ya rangi

Mwenye baiskeli alitaka ipigwe rangi mpya. Alikuwa ameshachagua hata ya kijani. Mimi niliomba jambo moja: tutoe kwanza rangi ya kopo sehemu ndogo chini ya kasha la krenki, ambako hakuna anayeangalia, tuone kuna nini.

Rangi ya kopo hukauka hewani, na mara nyingi hulainika kwa spiriti. Rangi nzuri ya karakana, iliyookwa au iliyochanganywa na kigumishi, huistahimili spiriti hiyohiyo. Tofauti hiyo ndiyo mlango. Tambara lenye spiriti likaachwa juu ya sehemu hiyo dakika chache, nyeusi ikavimba na kufutika, na chini yake ikatokea buluu yenye chembe za metali, imeiva, bado ina mng'ao. Asetoni sikuigusa, kwa sababu ingekula nyeusi na buluu pamoja.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya subira. Kwenye mabomba mapana tambara lilitosha. Karibu na maandishi nilitumia vijiti vya pamba, nikizungusha bila kusugua, kwa kuwa stika za miaka hiyo hazikuwekewa zote lakha juu yake na zinaweza kuondoka na uchafu. Jina la karakana kwenye bomba la chini lilikuwa limekwanguliwa na mtu kabla ya kupuliza nyeusi, hata msasa ulionekana. Lakini kwenye bomba la juu, karibu na kiti, zilitokea herufi ndogo nyeupe za Kirumi zilizoandikwa kwa brashi. Lilikuwa jina la mtu. Silitaji hapa. Ni mpandaji wa kwanza, yule ambaye urefu wa mguu na mkono wake ndio uliokata mabomba haya.

Unaweza kuona brashi ilivyoongezewa rangi katikati ya herufi ya nne: mstari unaanza kuwa mwembamba, kisha ghafla unanenepa tena. Baada ya hapo habari ya kijani haikuzungumzwa tena, na sikuhitaji kumshawishi mwenyewe.

Hata bila jina hilo ningepinga rangi ya unga inayookwa, ambayo watu hupenda kwa kuwa ni ngumu na haina gharama ya mikono mingi. Hoja inayotolewa sana ni kwamba joto la oveni litayeyusha viungo. Hiyo si kweli: rangi ya unga huiva kwenye nyuzi 180 hadi 200 hivi, na madini yenye fedha yaliyoungia lagi yanahitaji zaidi ya 600. Tatizo lenyewe ni mawili. Kwanza, rangi ya unga ni nene na inajaza ukingo uleule uliopigwa tupa kwa saa nyingi. Unabaki na fremu ya mkono inayofanana na ya kiwandani. Pili, kabla yake fremu hupigwa mchanga, na mabomba ya daraja hili katikati yake yana unene wa milimita 0.5 hadi 0.6 tu. Mpuliza mchanga aliyezoea mageti anaweza kuyamaliza.

Mahali chuma kilipokuwa wazi paliwekwa dawa ya kugeuza kutu, kisha tone la buluu iliyochanganywa kufanana, bila kujaribu kuficha kwamba ni kiraka. Kisha nta. Kromu ya ncha za foko ilikuwa na vitone vya kutu, na hiyo haikuhitaji kemikali yoyote: karatasi ya alumini iliyofinyangwa, ikalowekwa maji, ikasuguliwa taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo kutu inaondoka na kromu haikwaruziki. Vitobo vilibaki, vidogo kama vya sindano. Kupaka kromu upya kungemaanisha kung'arisha chuma, yaani kukipunguza, na kukiingiza kwenye asidi inayoweza kusukuma haidrojeni ndani ya chuma chenye nguvu na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Kwa foko, sehemu ambayo ikivunjika unaanguka na uso, sikuona hoja ya kupendeza inayotosha.

Milimita nne za nyuma

Fremu iliundwa kwa habu ya milimita 126, kipimo cha miaka ya gia sita na saba. Gurudumu lililokuja nalo lilikuwa la 130, la sproketi nane, na mtu alikuwa akilisukuma ndani kwa nguvu za mikono kila mara. Ndilo lililozaa swali kubwa la kisa hiki: tuipanue fremu iwe 130, mwenyewe apate habu na kaseti za kisasa, au tuirudishe 126?

Kupanua chuma baridi si uchawi wala si uhalifu. Chuma kinakubali, milimita mbili kila upande ni kidogo, na baiskeli nyingi zimefanyiwa hivyo zikaendelea kubeba watu. Kwa fremu ya kiwandani ningesema ndiyo bila kusita. Hapa niliangalia mambo mawili. Daraja dogo linalounganisha miguu ya nyuma karibu na kasha la krenki liliungwa kwa kiasi kidogo sana cha madini, kwa ustadi, na ndilo linalobeba mkazo wakati miguu inapovutwa. Halafu, mwenyewe hakuhitaji gia nyingi. Alihitaji gia nyepesi. Hayo ni mahitaji tofauti, ingawa dukani huuzwa kama jambo moja.

Nilivuta uzi kutoka kishikio cha ekseli cha kushoto, ukazunguka bomba la kichwa, ukarudi hadi kishikio cha kulia, kisha nikapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Kulia ilizidi kwa milimita moja. Mguu wa kulia ulikuwa umesukumwa nje na lile gurudumu la kulazimisha. Huo ukawa upindaji pekee uliofanyika kwenye fremu, nao ulikuwa wa kurudisha palipoharibiwa: mguu wa kulia ukarudi, 126 kamili, kisha vishikio vikalinganishwa kwa vipimo vyake maalumu mpaka nyuso zake zikatazamana sambamba. Vishikio visipokuwa sambamba, ekseli hupinda na kukatika bila sababu inayoonekana.

Kuruka kwa gia nako kulipata maelezo. Mikono ya gia ya asili ilikuwa imepotea, na aliyetangulia aliweka mingine ya Shimano yenye vituo, yaani inayonasa mahali pake kwa kila gia, ya daraja la chini. Kwa macho inafaa. Lakini vihamisha cheni vya nyuma vya Dura-Ace 7400 vinavuta kwa uwiano wao wenyewe, tofauti na seti nyingine za Shimano za wakati huo, kwa hiyo kila kituo kinapeleka cheni pungufu au zaidi ya sproketi. Hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoliondoa hilo. Dura-Ace ya 1984 ndiyo iliyoleta SIS, mfumo wa kubadili gia kwa vituo, na kihamisha chake kina umbo lililoinama kinachofuata mteremko wa sproketi, wazo ambalo SunTour, kampuni nyingine ya Kijapani, walilipatia hataza mwaka 1964 na hataza ikaisha mwaka uleule wa 1984. Kwa fundi, kushika kipande hicho ni kushika makutano ya kampuni mbili.

Ilitafutwa mikono ya 7400 ya gia sita, pamoja na habu yake ya 126. Mikono hiyo ina pete ya kuzima vituo, ili siku kitu kikipotoka njiani mpandaji abadili gia kwa hisia ya mkono kama zamani. Sproketi zake ni za aina ya Uniglide, ambazo mbavu zake za ndani zina upana sawa, kwa hiyo iliyochakaa upande mmoja inageuzwa na kutumika upande wa pili, isipokuwa ile ndogo ya mwisho yenye nyuzi inayozibana nyingine zote. Sproketi tatu kati ya tulizopata ziligeuzwa.

Sasa vilima. Krenki ya asili ilikuwa na chenwili, yaani sproketi za mbele, za meno 52 na 42, na nyuma kubwa kabisa ilikuwa 21. Gia nyepesi zaidi ni 42 kwa 21, uwiano wa 2.0: kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.136, kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 4.27. Hiyo ni gia ya mtu wa mashindano mwenye miaka ishirini na kitu. Tuliweka krenki mbadala, ya meno 46 na 34, na sproketi kubwa ya 24. Uwiano ukawa 1.42, mita 3.03 kwa mzunguko. Ni wepesi wa karibu asilimia 29, bila kugusa fremu. Juu, 46 kwa 13 bado inampa mita 7.56, na sijaona akiililia 52. Kihamisha cha mbele kinashikwa kwa mkanda unaozunguka bomba, kwa hiyo kilishushwa tu. Ekseli ya krenki ilibadilishwa pia, na hapo pana mtego mwingine: ncha za mraba za JIS na za ISO zina mteremko mmoja lakini ukubwa tofauti, na krenki ya JIS kwenye ekseli ya ISO huzama ndani kwa takriban milimita 4.5, ikasogeza mstari wa cheni na hata kugusa mguu wa fremu. Krenki na ekseli vikawa vyote JIS.

Mwili wa mpandaji wa pili

Bomba la juu lilikatwa kwa mtu mwingine, mwenye kiwiliwili kirefu. Mwenyewe wa sasa alikuwa akijinyoosha mpaka mabega yanapanda masikioni. Stemu ya milimita 110 ikabadilishwa na ya Nitto ya 90, yenye shina refu zaidi, ikakaa juu lakini mstari unaoonyesha kina cha chini kabisa ambacho shina linapaswa kuzama ukabaki ndani ya foko. Usukani ulipimwa kwanza, kwa sababu Nitto hutengeneza wa 25.4 na wa 26.0, na wa 25.4 ndani ya stemu ya 26.0 unaonekana kukaza huku ukijiandaa kuzunguka siku utakapofunga breki kwa nguvu.

Ringi za zamani zilikuwa za tairi za kugundisha kwa gundi. Habu ya mbele ikabaki: konoo zake, vipande ambavyo gololi huzunguka juu yake, zilikuwa safi bila vishimo, zikapata gololi mpya, 10 za inchi 3/16 kila upande, nyuma 9 za robo inchi. Ringi mpya ni za tairi za kawaida zenye tyubu. Breki zilibaki zilezile za 7400, zikavishwa raba mpya, maana raba ya miaka arobaini hukauka ikawa kama ukucha na kuteleza juu ya ringi.

Tairi za milimita 28 zimeingia. Nyuma zilihitaji ekseli irudishwe kidogo ndani ya vishikio kwa zile skrubu ndogo za kurekebishia, na skrubu hizo zilikuwa nzima zote mbili, jambo la nadra.

Stemu ya asili, chenwili, krenki na ekseli yake vimesafishwa, vikapakwa mafuta, vikafungwa pamoja na karatasi ya vipimo vyote nilivyovichukua. Atakayeipata baiskeli hii baadaye ataweza kuirudisha 1985 bila kumuuliza mtu.

Baada ya kuipanda kwa muda mwenyewe aliniuliza kama tunaweza kuchomelea vijicho vya kufungia bati za matope, kwa kuwa fremu haina. Nilimjibu hapana: moto wa kuungia kijicho kwenye kishikio cha nyuma unaunguza buluu juu kwa urefu wa kiganja, na rangi hiyo hairudi. Tumeweka bati nyembamba zinazoshikwa kwa vibanio vyenye raba vinavyozunguka miguu ya fremu. Chini ya breki bati na tairi ya 28 haviingii pamoja, kwa hiyo wakati wa mvua anaweka tairi za 25, na vibanio vikitoka mvua ikiisha hakuna alama inayobaki.